Shingo ya Shomari

Shomari alipokuwa akinadi samaki pale Feri, watu waliosubiri pantoni upande wa Kigamboni walijua changu wamefika bei gani. Ndivyo wenzake walivyomtania, naye aliupenda utani huo. Alikuwa Mzaramo mwembamba, mfupi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kifua cha pipa. Akisimama juu ya kreti na kuinua kolekole kwa mkia, hata wachuuzi waliokuwa wamekwishanunua waligeuka kumsikiliza.

Koo lilianza kukwaruza wakati wa vuli. Alidhani ni baridi ya alfajiri. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akafungwa hirizi, na mwisho mkewe Mwavita akamburuta hospitali kubwa. Huko madaktari walisema neno moja tu, kwamba kisanduku cha sauti kimeoza na hakina budi kutolewa. Wakakitoa. Walimrudisha nyumbani Mtaa wa Likoma akipumulia tundu lililokuwa chini ya koo, limefunikwa kwa kitambaa cheupe alichoshonewa na Mwavita. Alipotaka kumwita mtu alipiga makofi. Alipocheka, mabega yalitikisika na hapakutoka kitu.

Katika nyumba ile ile, chumba cha mbele, alipanga Kasmir, fundi redio, Mchaga wa Kibosho. Miaka minane nyuma Kasmir alishuka mjini na mfuko mmoja wa vifaa, bila kumjua mtu. Shomari ndiye aliyemwombea mwenye nyumba amruhusu kuweka meza yake barazani, na ndiye aliyetangaza Feri nzima kwamba redio yoyote iliyokufa ipelekwe Likoma kwa Mchaga. Kasmir akapata kazi, akaoa, mkewe Candida akazaa watoto wawili katika chumba kile. Alimwita Shomari "kaka," na alimaanisha.

Siku ya kliniki alikuwa akimsindikiza pamoja na Mwavita. Ndipo daktari mmoja mgeni alipotoa kwenye saraka chombo kinachofanana na tochi, akakibana shingoni mwa Shomari chini ya taya, akabonyeza. Chombo kikalia *zzzz*, Shomari akafungua mdomo, na maneno yakatoka. Yalikuwa ya bati, lakini maneno.

"Umekula," alimwambia Mwavita.

Mwavita akatazama huku na huku. "Nimekula? Nani kasema nimekula?"

Shomari alikuwa anauliza. Mkewe alidhani anaambiwa. Kile chombo kilikuwa na sauti moja tu, imenyooka kama waya wa simu, haipandi wala haishuki, na katika Kiswahili mtu akiuliza na mtu akieleza, aghalabu tofauti ni huko kupanda na kushuka tu. Akarudia mara mbili, akakirudisha mezani. Hata hivyo chombo hakikuwa chake. Kilikuwa cha daktari, cha kuonyeshea. Kuagiza kingine kulihitaji fedha za kigeni, na mwaka ule wa 1976 fedha za kigeni zilikuwa hadithi.

"Kaka," Kasmir akamwambia walipokuwa wakirudi, "ile ni transista mbili tatu na betri. Nitakutengenezea. Tena yangu itapanda na kushuka. Utaniuliza swali na nitajua ni swali."

Shomari akamshika mkono, akaukaza, hakuuachia mpaka walipofika mlangoni. Kisha akaonyesha kwa vidole: Siwema. Binti yake wa kwanza alikuwa ameposwa, na ndoa ilipangwa baada ya Idi. Akagusa mdomo wake, akagusa kifua. Nitamwoza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kasmir akaitikia kwa kichwa. Baadaye alijuta sana jinsi alivyoitikia upesi.

Kwa fundi, kazi yenyewe haikuonekana ngumu. Sakiti ndogo inajitetemesha yenyewe, mtetemo unapelekwa kwenye kile kijisahani cha kusikilizia cha simu, kijisahani kinaipigapiga ngozi ya shingo, na mdomo unaugeuza ule mlio kuwa maneno. Kijisahani alikipata kwa Augustino, jamaa yake aliyekuwa akitengeneza simu, kutoka kwenye simu iliyotupwa. Transista alizitoa kwenye redio ambazo wenyewe walikwishazikatia tamaa. Kwa ajili ya kupandisha na kushusha sauti alichukua kifundo cha redio, akakitilia springi, ili kidole gumba kikiminya mlio upande, kikilegeza ushuke.

Juu ya meza chombo kiliimba. Kasmir aliminya na kulegeza mpaka Candida akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kutazama ni ndege gani huyo. Bila kungoja zaidi, akamwita Shomari uani.

Ilikuwa Jumapili, wapangaji wote wapo. Shomari alikaa kwenye mkeka, kanzu safi, Mwavita na Siwema nyuma yake. Kasmir akakibana chombo pale pale alipobana daktari.

"Sema, kaka. Sema lolote."

Chombo kikalia kwa udhaifu, kama mbu ndani ya kopo. Shomari akafungua mdomo. "Si..." Kasmir akaminya kifundo ili sauti ipande. Chombo kikakoroma, kikanyamaza. Akakitoa shingoni, kikalia vizuri. Akakirudisha, kikafa. Mtoto mmoja akacheka, mwingine akaiga ule mkoromo, na mara uani kote watoto wakawa wanakoroma na kunyamaza, kila mmoja kashika koo lake. Mama zao wakawafukuza. Shomari akainuka, akajipangusa kanzu, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku mbili hakula.

Kasmir aliapa mbele ya mkewe kwamba hatamgusa tena Shomari shingoni mpaka chombo kimekamilika. "Sitamwaibisha mara ya pili," alisema.

Basi akajitengenezea shingo. Alichukua bladda ya mpira wa miguu, akaijaza maji, akaivika kipande cha tyubu ya baiskeli, akaifunga mezani kwa kamba. Lilikuwa koo la bandia, laini, linanesa ukilibonyeza. Juu ya koo hilo ndipo alipofanyia majaribio yake yote. Alikibana chombo pale, akaminya, na chombo kilipanda na kushuka bila kukoroma hata kidogo. Akajibana mwenyewe shingoni, akazuia pumzi, akatembeza mdomo: "Candida, maji yako wapi?" Candida akajibu, "Mtungini," kisha akashika mdomo kwa mshangao. Akakibana na shingoni mwa Candida. Kikalia.

"Si kimepona hicho?" Candida aliuliza. "Mpelekee."

Akampelekea, safari hii chumbani, mlango umefungwa, Mwavita peke yake ndiye shahidi. Kikafa. Mlio hafifu, halafu kifundo kikiminywa, mkoromo, halafu kimya. Shomari hakukasirika. Alimpigapiga Kasmir begani kama mtu anayempa mwenziwe pole ya msiba, na hilo ndilo lililomuuma Kasmir zaidi.

Tangu hapo hakupata usingizi mzuri. Alibadilisha transista, moja baada ya nyingine. Alizilaumu betri, akapanga foleni duka la ushirika kutwa nzima kupata betri mpya, nazo zikatoa jibu lile lile. Alilehemu upya kila kiungo. Alikaa na penseli akipiga hesabu ya mkondo, akaikuta sawa, akaipiga tena akiomba ikosee. Haikukosea. Kila alichokibadilisha alikijaribu kwenye bladda, na bladda ilimwambia kila mara kwamba mambo ni mazuri. Alipokibana kwa Shomari mara ya tatu, haraka haraka kwa ncha za vidole, akigeuza uso ili asiyaone macho yake, kikafa.

Redio za watu zilirundikana chini ya meza. Wenyewe walikuja, wakagomba, wakazichukua.

"Mpe hata hiyo isiyopanda," Candida alimshauri. "Ondoa hicho kifundo chako. Si bora aseme kama bati kuliko kunyamaza?"

Kasmir alikwishajaribu. Bila kifundo kilitoa ule mlio wa mbu tu, na maneno hayakushikika. "Kwangu kinalia," alisema, akipiga paji la uso kwa kiganja. "Kwako kinalia. Kwa bladda kinalia. Yeye nimemkosea nini?"

Idi ikafika, ikapita. Ijumaa ya ndoa, baada ya Alasiri, wanaume walikaa kwenye mikeka iliyotandikwa barazani mpaka barabarani. Sheikh alizungumza na Shomari kwa upole: hakuna ubaya, baba aliyepoteza sauti anaweza kumpa nduguye uwakili, aitikie kwa kichwa tu, inatosha kabisa. Shomari alimtafuta Kasmir kwa macho. Kasmir alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, miongoni mwa majirani Wakristo, chombo kikiwa ndani ya mfuko wa shati lake kwa sababu asubuhi ile alikijaribu tena kwa Shomari na kikafa tena. Akatikisa kichwa: bado. Shomari akamgeukia Sheikh, akainamisha kichwa. Basi mdogo wake Ramadhan ndiye aliyeshikana mkono na bwana harusi na kutamka maneno ya kuozesha. Wakati Ramadhan akitamka, midomo ya Shomari ilikuwa ikienda pamoja naye, neno kwa neno. Kasmir aliinuka kabla ya halua kupita, akaingia chumbani, akalala chali na viatu.

Kesho yake asubuhi Mwavita aligonga mlango kwa ngumi.

"Shemeji, kaka yako yuko kwako?"

"Hayupo. Katoka saa ngapi?"

"Sijui! Nimeamka kwa adhana, mkeka mtupu. Kofia ipo, viatu vipo. Shemeji, mwenye akili zake anatoka bila viatu?"

Hakuna aliyelitamka lile lililokuwa vichwani mwao wote. Kasmir alikimbia mpaka Feri, na alipofika aliyatazama maji kwanza kabla ya kuwatazama watu. Mnada ulikuwa umepamba moto. Mnadi mpya, kijana mnene, alikuwa juu ya kreti.

"Shomari? Alikuwa hapa," mkaanga samaki mmoja alimwambia. "Alisimama pale pembeni anatembeza mdomo. Kila kijana anaponadi, na yeye ananadi. Watu wakaacha kununua, wakawa wanamtazama. Halafu wakaja mgambo."

Mwaka ule mjini kulikuwa na msako wa wasio na kazi, wapelekwe vijijini wakalime. Mgambo hawakumfahamu Shomari. Walimwona mtu peku, hana kitambulisho. Wakamuuliza jina, hakujibu. Wakamuuliza kazi, akawaonyesha kreti. Wakamuuliza anakaa wapi, akapiga makofi. Wanaomjua walikuwa wametawanyika na samaki wao, na huyo mkaanga alipopata kusogea, lori lilikuwa limekwishaondoka.

Kasmir alirudi mbio Likoma kumchukua balozi wa nyumba kumi, Mzee Benjamini, mtu wa Masasi, mstaafu wa reli. Wakaulizia huku na kule hadi wakaelekezwa uwanja mmoja wenye uzio ambako watu walikuwa wakisubiri kupakiwa. Shomari alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta katikati ya vijana. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa jasho na kukauka, na tundu lilikuwa likitoa mluzi kila alipopumua. Vijana wote walikuwa wamesogea mbali naye.

"Huyu ni mtu wangu," Mzee Benjamini alimwambia msimamizi. "Namjua, kwake nakujua. Kakatwa koo hospitali, si bubu wala si mzururaji."

Msimamizi alimtazama Shomari kwa muda. "Sasa angesema, mzee."

"Angesemaje?"

Msimamizi akaashiria mlango wa uzio. Alimruhusu.

Walipofika Mnazi Mmoja, Shomari alikaa chini kwenye nyasi, hakutaka kwenda mbele. Mzee Benjamini akatangulia kumpa habari Mwavita. Kasmir akakaa naye. Watu walipita wakienda sokoni na wakirudi, mmoja na fungu la mchicha, mwingine na kuku kichwa chini, na Kasmir akaanza kulia. Hakujificha.

"Nisamehe, kaka. Nimeshindwa. Nimejaribu kila kitu, nimeshindwa. Nilikuahidi bila kujua."

Shomari akatikisa kichwa kwa hasira. Akamkamata Kasmir mkono, akamkunjua vidole kimoja kimoja, akakiweka kiganja hicho shingoni mwake mwenyewe, akakikandamiza. Kasmir akajaribu kuutoa. Shomari akaukandamiza zaidi, macho yake kwenye macho ya Kasmir, kana kwamba anamwambia: shika, mwanamume wewe, nishike vizuri.

Kasmir akashika. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akaisikia shingo ya Shomari ilivyo.

Ilikuwa ngumu kama ubao. Kutoka chini ya taya mpaka kwenye tundu, kovu lilikuwa limeivuta ngozi na kuikaza, hainesi, haibonyei. Akasogeza vidole kushoto: ngumu. Kulia: ngumu. Akashika shingo yake mwenyewe kwa mkono wa pili. Ilibonyea kama bladda.

"Mungu wangu," akasema.

Wiki zote zile alikuwa akijaribia shingo isiyokuwa ya Shomari. Kwenye shingo laini kijisahani kilikuwa huru kutetemeka. Kwenye kovu kilibanwa kabisa, na katika sakiti yake kijisahani hicho ndicho pia kilichokuwa kikirudisha mtetemo kwenye transista ili iendelee. Kikibanwa, transista inakosa cha kuiendesha; kile cha daktari bila shaka kilikuwa na msukumo wake wenyewe. Inajikongoja kidogo, ndiyo ule mlio wa mbu, na kidole kikiminya kuibadilisha mwendo, inazimika. Hesabu ilikuwa sawa. Betri zilikuwa sawa. Aliogopa kumshika mtu, basi.

"Kaka, twende nyumbani," alisema. "Twende, nimeelewa."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mchana mmoja. Aliitenga sakiti inayojitetemesha ikae peke yake, isijali nini kinabanwa, kisha akaweka transista nyingine yenye nguvu katikati, hiyo ndiyo isukume kijisahani. Kifundo cha kidole akakiacha kwa ile ya kwanza. Bladda akaikata kamba na kuwapa watoto. Safari hii alimkalisha Shomari mbele ya meza, barazani, watu wakipita, na kila alipolehemu kiungo alikibana shingoni mwake, akisogeza, akitafuta. Nyuma kidogo ya sikio, mahali ambapo kisu hakikufika, alipata sehemu ndogo isiyo ngumu sana, upana wa senti ishirini.

"Minya mwenyewe, kaka. Kidole ni chako."

Shomari akakishika chombo. Mlio ukatoka, mzito, ukapanda, ukashuka. Akafunga macho. Mwavita alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Naitwa Shomari Mwinyimkuu," alisema Shomari. "Mnadi wa samaki. Nakaa Likoma."

Hakuwa akimwambia yeyote pale barazani. Akarudia yote, polepole, mpaka mwisho. Mwavita akauweka ungo chini, akakaa kando yake, wala hakuna aliyepiga kigelegele.

Halafu akamgeukia mkewe. "Umekula?"

"Bado," Mwavita akajibu. "Nilikuwa nakungoja."

Hakurudi kunadi. Kile chombo hakikuwa na nguvu ya kushinda kelele za Feri, na herufi nyingine hazikutoka kabisa. Hakuweza kusema "halua," alisema "alua," na wajukuu wa jirani walimtaka aseme kila siku. Siwema alipokuja kuwaona kutoka Temeke na mumewe, baba yake alimwita kwa jina toka chumbani, naye akashtuka, akataka kukimbia, kisha akaingia na kubaki huko mpaka Magharibi. Walichozungumza walikijua wao.

Ugonjwa ulirudi masika iliyofuata. Safari hii ulishuka kifuani, na daktari aliwaambia wazi. Mwezi wa mwisho Shomari alikosa nguvu ya kuminya, akawa anamwonyesha Kasmir ishara aminye yeye. Kasmir alikaa kando ya kitanda na kidole chake juu ya kifundo, akijaribu kukisia wapi kaka yake anataka kupanda na wapi anataka kushuka. Mara nyingi alikosea. Shomari alikuwa akimwomba maji, sauti ikatoka kama anayeamuru, na wote wawili wakatikisika mabega kwa kicheko.

Alizikwa Ijumaa, mvua ikinyesha. Arobaini ilipokwisha, Mwavita alikuja barazani na chombo kimefungwa kwenye kanga.

"Shemeji, chukua. Toa betri, zitakufaa, siku hizi hazipatikani."

"Kaa nacho, shemeji."

"Nikae nacho nifanyie nini?" Alikiminya mara moja, kikalia kiganjani mwake ule mlio mtupu, akakiachia upesi. "Hospitali pale kuna mama wa Lindi amekatwa kama kaka yako. Nimemwona juzi nilipokwenda kuchukua cheti cha kifo. Anapiga makofi."

Kasmir akaifungua kanga. Akapitisha kidole juu ya kifundo, kisha akainua uso.

"Yuko wodi gani?" akauliza.